Murumbi: Makamu wa rais aliyeacha kiti akabaki na vitabu vyake

Jumamosi moja mnunuzi wa vyuma kuukuu alisimamisha mkokoteni wake langoni kwa dani, hapa Muhoroni. Mizani begani, sauti ya kubembeleza. Alichukua sufuria mbili zilizotoboka na betri ya gari lililokufa zamani, halafu akachungulia ndani kupitia mlangoni. Macho yake yakatua kwenye kabati la glasi. Akauliza: dani, na hako ka kikombe?

Hako ka kikombe ni kadogo kuliko glasi ya chai ya kibanda. Kana rangi kati ya kijani na manjano, mdomo wake una mawimbi, na ndani yake dani huweka vijiti vya kuchokolea meno. Alikipata miaka ya sitini kutoka kwa familia ya dukawala wa Kihindi iliyokuwa ikifunga duka na kuhama. Siku hiyo dani hakujibu. Alifunga mlango tu, na mwenye mizani akasukuma mkokoteni wake akaenda.

Mimi nilikuwa nimekaa hapo kwenye kiti cha plastiki nikiona aibu. Mwaka juzi, yeye akiwa kanisani, niliuza pasi ya makaa ya babu, ile nzito yenye jogoo juu ya kifuniko. Ilipimwa kwa kilo. Nilipewa mia mbili, nikanunua bando. Dani alipogundua alinyamaza siku nzima, na mnajua kimya cha dani kinavyouma.

Kwa hivyo nikaanza kusoma kuhusu vikombe. Kumbe kuna watu Marekani na Uingereza wanaokusanya vikombe vya vijiti vya meno tu, hakuna kingine. Vilikuwa fasheni ya mezani miaka ya mwisho ya Malkia Victoria, baada ya mitambo ya kushindilia glasi kwenye kalibu kuifanya iwe rahisi kiasi cha kila nyumba kumudu, na baada ya jamaa mmoja wa Marekani, Charles Forster, kuanza kutengeneza vijiti kwa mashine. Glasi nyingine za rangi kama ya kikombe cha dani zilitiwa urani kidogo, na ukizimulika kwa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia, zinang'aa kijani kama macho ya paka. Nilikopa taa kwa jirani wa M-Pesa. Kikang'aa! Hiyo haimaanishi ni cha zamani, maana hata vya kuigiza hutengenezwa hivyo. Lakini nililala nikiwa nacho kichwani.

Nikajiuliza: huku kwetu nani amewahi kukusanya vitu vya zamani kwa moyo wake wote, mpaka ikamgharimu? Jibu ni mtu ambaye unapita karibu naye kila ukiwa Nairobi. Ukimwambia mtu mpatane nje ya Archives, lile jengo lenye nguzo mkabala na iliyokuwa Hilton, unasimama mlangoni kwa Joseph Murumbi bila kujua.

Wengi wetu tulimkuta kwenye kitabu cha historia kwa mstari mmoja: makamu wa pili wa rais wa Kenya, 1966. Halafu mwalimu akaruka kwenda kwa Moi.

Alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine. Kutoka hapa kwetu, fuata reli kupanda mlima, Fort Ternan, Kipkelion, halafu Londiani. Ravine iko ng'ambo huko juu. Reli yenyewe ilikuwa bado changa. Ilifika ziwani, Port Florence ambayo leo ni Kisumu, Desemba 1901, mwaka uleule aliokufa Malkia Victoria ambaye ziwa letu lilibandikwa jina lake. Nyuma ya reli walikuja wafanyabiashara kutoka India, na mmoja wao, Mgoa aliyeitwa Peter Zuzarte, alizaa mtoto na binti wa Kimaasai. Babu mzaa mama wa mtoto huyo alikuwa laibon, kiongozi wa mambo ya kiroho wa Wamaasai. Jina lake lilikuwa Murumbi.

Kenya ya wakati ule ilipanga watu kwa rangi kama unavyopanga viatu dukani. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na shule, hospitali, hata kiti cha treni vilifuata mpango huo. Mtoto wa Mgoa na Mmaasai aliwekwa wapi? Baba yake alimpeleka India akiwa bado mdogo sana, na huko akasoma shule za Kikatoliki, Bangalore na kwingineko kusini. Alikaa karibu miaka 16. Hebu fikiria: unaondoka kwenu ukiwa na umri wa kuanza shule, unarudi ukiwa kijana mzima, na mama yako haongei lugha unayoijua.

Alirudi miaka ya 1930 akiitwa Joseph Zuzarte. Angeweza kubaki upande wa baba, maana kwa mpango wa wakoloni upande huo ulikuwa na nafuu zake: mshahara bora kidogo na heshima kidogo. Polepole akachagua upande wa mama. Alipoingia siasa alilibeba jina la babu yake laibon, na ndilo tunalomjua nalo. Kwangu mimi hapa ndipo ukusanyaji wake ulianzia, hata kabla hajanunua kitu chochote. Mtu aliyenyang'anywa upande mmoja wa kwao utotoni lazima atautafuta kwa njia yoyote, hata dukani.

Alianza kama karani. Waingereza walipoiteka Mogadishu kutoka kwa Waitaliano mwaka 1941, alikwenda kufanya kazi katika utawala wao huko Somalia, akakaa miaka kama kumi. Huko nitapita haraka.

Mwaka 1952 alirudi Kenya, na muda si muda kila kitu kikawaka. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikamkamata Jomo Kenyatta na viongozi wengi wa KAU. Chama kilibaki bila watu wa mbele. Murumbi, mgeni kabisa katika mambo hayo, akawa kaimu katibu mkuu. Yeye na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanahabari Mgoa mzaliwa wa Nairobi, walihangaika kutafuta mawakili na pesa za kesi ya Kapenguria. Pinto mwisho alifungwa. Murumbi aliondoka nchini mwaka 1953 kwenda kuitangaza kesi ya Kenya duniani, akapitia India na Misri, akaishia London. Alikaa huko karibu miaka tisa.

London ndipo mambo yanapokolea. Alifanya kazi na vuguvugu lililopigania uhuru wa makoloni, pamoja na mbunge Fenner Brockway, na baadaye katika ubalozi wa Morocco. Mshahara haukuwa wa kujivunia, lakini London ina maduka ya vitabu vilivyotumika, na mle ndani, kwenye rafu za vumbi, kulikuwa na Afrika nzima. Safari za wazungu wa enzi ya Victoria waliopita kwetu wakiandika kila walichoona. Ripoti za wamishonari, kamusi za mwanzo za lugha zetu, ramani. Vilikuwa vimeandikwa kutuhusu, tena mara nyingi kwa dharau, na sisi hatukuwa navyo. Mtoto wa shule Kenya hakuwa na njia ya kuvifikia hata kama angejua vipo.

Murumbi akaanza kununua, kitabu kimoja kimoja. Huko London pia alikutana na Sheila, Mwingereza, mkutubi, ambaye alikuja kuwa mkewe. Ukitaka kukusanya vitabu, oa mkutubi. Wengine wetu tunaoa watu wanaotupa risiti.

Nisiwadanganye, haya mambo yana upande wake mgumu. Vitu vya Afrika vilivyojaa London havikufika huko vyote kwa ununuzi halali. Na hata mkusanyaji mwema hununua sanamu au kigoda ambacho mahali fulani kilikuwa na kazi, kilikuwa cha mzee fulani, katika boma fulani. Kukitoa hapo na kukiweka kwenye rafu ni kukiokoa na pia ni kukiua kidogo. Nadhani Murumbi alilijua hilo. Tofauti yake na wengi ni kwamba alikuwa anarudisha. Meli zilikuwa zimebeba vitu kutoka Afrika kwenda Ulaya kwa miaka mingi sana. Yeye alivuta upande wa pili.

Alirudi mwaka 1962, akaingia KANU, akachaguliwa mbunge wa Nairobi South mwaka 1963. Akawa waziri wa nchi katika ofisi ya waziri mkuu, halafu waziri wa mambo ya nje. Nchi ilikuwa haina hata balozi nyingi za kuhesabu kwa vidole, na yeye alikuwa miongoni mwa walioanza kuziweka.

Kisha tarehe 24 Februari 1965 Pinto akapigwa risasi langoni mwa nyumba yake Nairobi, akiwa na binti yake mdogo ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37. Walioandika maisha ya Murumbi wanakubaliana kwamba hakuwahi kupona jeraha hilo.

Mwaka uliofuata ndio unaotugusa huku Nyanza. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais Aprili 1966 na kuunda KPU. Wazee wa huku bado wanaongea juu ya mwaka huo kama vile ulikuwa juzi. Kiti kikabaki wazi na Kenyatta akamweka Murumbi mwezi Mei. Huku kwetu jina lake lilifika kama jina la mtu aliyekalia kiti cha Jaramogi, na nafikiri ndiyo maana babu zetu hawakuwa na hadithi zake. Lakini sikieni: hakumaliza hata mwaka. Kabla 1966 haijaisha alikuwa ameondoka. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Wanaomjua walisema alikuwa amechoshwa na mbio za kugawana mashamba na mali, na kwamba kifo cha Pinto kilikuwa bado kinamkaba. Alikwenda kufanya kazi kampuni ya sigara, Rothmans, na Januari 1967 Daniel arap Moi akachukua nafasi ile.

Hapo mnaweza kumlaumu. Kuna watu husema angebaki apigane ndani. Mimi sijui kama angeweza. Hakuwa na kabila kubwa la kumbeba wala shamba la kuhongea watu. Alikuwa na vitabu. Lakini ni kweli pia kwamba aliondoka kimya, na ukimya huo ulitugharimu.

Baada ya hapo ndipo akawa mkusanyaji kamili. Nyumba yake ya Muthaiga ilijaa: vinyago, vito, nguo, vigoda, milango ya kuchonga, samani za kale, na vitabu hadi basi. Stempu pia. Ukitaka kujua kwa nini mtu mzima angekusanya stempu, chukua zile za kwanza za Uganda za mwaka 1895. Hazikuchapwa kiwandani. Mmishonari mmoja, Ernest Millar, alizipiga kwa taipu kwenye karatasi pale Mengo, na bei yake iliandikwa kwa kauri, yale makombe ya baharini yaliyokuwa pesa. Kipande cha karatasi kidogo kuliko kucha kinakuambia watu walilipana kwa nini. Mkusanyo wa Murumbi wa stempu za Afrika unatajwa kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kuangalia maonyesho ya vitu vya Waturkana jijini Nairobi. Mwenye maonyesho alikuwa kijana wa Kimarekani, Alan Donovan. Urafiki wao ulizaa African Heritage, duka na jumba la sanaa ambalo lilinunua na kuuza kazi kutoka pande nyingi za bara, na kuwapa kazi wachonga vinyago, wafuma na watengeneza shanga. Kwa miaka ukisikia fasheni ya Kiafrika Nairobi, ilikuwa inatoka hapo.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 Murumbi aliamua mkusanyo usimfie mikononi. Alikuwa hana mrithi wa kuutunza kwa ukubwa ule, na vitu vya namna hiyo havikosi wanunuzi wa ng'ambo wenye pesa. Akaiuzia serikali ya Kenya, kwa bei ya huruma, nyumba ya Muthaiga na hazina ya ndani. Sharti lilikuwa moja, na halikuwa la pesa. Nyumba ile iwe taasisi ya utafiti wa mambo ya Afrika, vitu vikae pale vilipo, na vijana waje kusoma. Yaani mimi na wewe.

Yeye na Sheila wakahamia Intona, Transmara, nchi ya Wamaasai, nchi ya mama. Walijenga nyumba kubwa mno huko, yenye vyumba vya kupotelea, wakapanda miti. Alianza kukusanya upya! Huo ugonjwa hauna dawa.

Taasisi haikuanza. Mwaka ukapita, na mwingine. Nyumba ya Muthaiga ikaachwa, vitu vikahamishwa, na hatimaye ardhi ile tamu ya Muthaiga ikapata watu wengine wenye mipango mingine. Miaka ya 1980 Murumbi alipata kiharusi kilichomweka kwenye kiti cha magurudumu, akarudi kuishi Nairobi. Siku moja aliomba apelekwe aione nyumba yake ya zamani. Alikuta miti aliyoipenda imekatwa na nyumba inabomolewa. Marafiki zake waliamini kwamba alichokiona siku hiyo ndicho kilichommaliza. Alifariki tarehe 22 Juni 1990, siku chache baada ya kutimiza miaka 79.

Alitaka azikwe karibu na Pinto, na ndivyo ilivyokuwa, katika makaburi ya City Park, Nairobi. Hata pale hakupumzika haraka. Kaburi liliharibiwa, na bustani yenyewe ikanyemelewa na wanyakuzi wa ardhi. Sheila alimfuata mwaka 2000 akazikwa kando yake. Donovan na marafiki wengine ndio waliopigania mahali hapo mpaka pakawa bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2009, yenye sanamu za wasanii wa Afrika Mashariki, akiwemo Elkana Ong'esa wa Kisii, jirani zetu. Nyumba ya Intona ikawa gofu.

Lakini vitu vipo. Hilo ndilo lililonishangaza nilipoingia Archives mara ya kwanza badala ya kusimama nje nikingoja mtu. Ghorofa ya chini yote ni Murumbi: vinyago, silaha, vyombo vya jikoni, ala za muziki. Vitabu vyake vilivyochapishwa kabla ya 1900 ni zaidi ya 8,000, na vingine vya baadaye na nyaraka juu yake. Sehemu nyingine ya mkusanyo, pamoja na stempu, iko Nairobi Gallery, lile jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, karibu na Nyayo House. Siku niliyokwenda tulikuwa wageni wanne, na wawili waliingia kujificha mvua.

Nilitembea polepole nikaona kitu ambacho mtandaoni hakionekani. Kando ya kitu kuna kibandiko: ni nini, kimetoka wapi, ni cha watu gani. Kigoda bila kibandiko kingekuwa kipande cha mti tu, na mwenye mizani angekipima kama kuni. Pasi ya babu haikuwa na kibandiko. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia aliinunua wapi, wala shati gani la kwanza alilinyoosha nayo. Hicho si kisingizio, niliiuza mimi. Ila nimeitafuta kwa kila muuza vyuma kutoka hapa hadi Chemelil, na sijaipata.

Niliporudi nyumbani nilimwuliza dani kuhusu kikombe. Alicheka kwanza, akauliza kama nimetumwa na yule wa mkokoteni. Halafu akaanza kueleza: duka lilikuwa wapi, mke wa dukawala alikuwa anamwita nani, yeye dani alikuwa akiwafulia siku gani, na kwamba asubuhi ya kuondoka yule mama alitoka na kikombe kimefungwa kwenye leso, akamshikisha mkononi bila kusema neno kwa sababu gari la moshi lilikuwa limepiga honi. Jina la yule mama alilikumbuka lote.

Nimeyaandika kwa kalamu kwenye karatasi nyembamba, pamoja na jina la dani na mwaka. Nimeikunja nikaitia ndani ya kikombe, chini ya vijiti.